Maswali ya Wasomaji: Vibao vya Kumbukumbu na Mahame ya Ukanda wa Ziwa

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zinahusu jambo moja, yaani kumbukumbu zilizosimamishwa kando ya barabara za Mwanza na wilaya za jirani, pamoja na makazi ya zamani ambayo kumbukumbu hizo ama zinayataja au zinayaruka. Baadhi ya barua tumezifupisha, na majina ya waandishi hatuyachapishi.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kwenye mnara wa saa uliopo katikati ya jiji letu kuna kibao kinachoeleza kwamba Speke aliyaona maji ya Ziwa Viktoria kutoka Mlima Isamilo tarehe 3 Agosti 1858. Mwalimu anatufundisha kuwa Speke alikuwa mgunduzi, lakini babu yangu anakataa na kusema kwamba ziwa lenye wavuvi halina mgunduzi. Nimwandikie nini mwalimu kwenye mtihani? (Mwanafunzi, Nyamagana)

JIBU: Marahaba. Kwenye mtihani andika tarehe, kwa kuwa tarehe ni sahihi. Kuhusu ugunduzi, babu yako ana hoja nzito zaidi, na ushahidi wake unapatikana katika maelezo ya Speke mwenyewe.

John Hanning Speke aliondoka Kazeh, eneo la Tabora ya leo, tarehe 9 Julai 1858, akimwacha mwenzake Richard Burton aliyekuwa mgonjwa. Hakuwa akienda kwa kubahatisha. Wafanyabiashara Waarabu wa Kazeh, na hasa Snay bin Amir, walikwisha kuwaeleza kwamba upande wa kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko lile la Ujiji, na wenyewe waliliita Bahari ya Ukerewe. Njia ya kulifikia ilijulikana, ilikuwa na vijiji vya kupata chakula, na ilikuwa na watemi, yaani machifu, waliotoza hongo (ushuru wa njia) kwa kila msafara uliopita. Katika msafara wake alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Uyao aliyewahi kuuzwa utumwani na kupelekwa India, ambaye Speke alizungumza naye kwa Kihindustani, kwa kuwa Speke alikuwa ofisa wa jeshi huko India. Bila Bombay, mengi ambayo Speke aliyaandika asingeweza hata kuyauliza.

Alipofika Mwanza alimkuta mtawala aliyeitwa Mahaya, na alimkuta pia mfanyabiashara Mwarabu, Mansur bin Salim, akiishi hapo. Hao wawili ndio waliomwonyesha visiwa, wakamtajia majina, na wakamweleza hali ya upande wa pili wa maji. Alitamani kuvuka kwenda Ukerewe, lakini hakupata mitumbwi ya kufaa. Alikaa siku chache tu, akapima mwinuko wa mahali kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, akauliza ziwa linaishia wapi kaskazini, akajibiwa na msafiri mmoja kwa ishara ya mkono kwamba huenda linafika mwisho wa dunia. Tarehe 25 Agosti alikuwa amekwisha kurudi Kazeh. Aliamini kwamba hiki ndicho chanzo cha Mto Naili, na miaka minne baadaye, tarehe 28 Julai 1862, aliyaona maji yakitoka ziwani karibu na Jinja ya leo.

Kwa hiyo alichokifanya Speke kilikuwa kuwapelekea wanajiografia wa Ulaya habari ambayo Mahaya, Mansur na wavuvi wa Mwanza walikuwa nayo. Hilo ni jambo kubwa katika historia ya jiografia ya Ulaya, na halina haja ya kubezwa. Ila kibao kinachosimama katikati ya jiji la watu wengine kingepaswa angalau kumtaja mwenyeji aliyempokea mgeni. Kwa maoni yangu, kasoro ya kibao kile si uongo, ni kwamba kinaanza hadithi siku mgeni alipofika mlimani, na msomaji anaondoka akidhani kwamba chini ya mlima hapakuwa na mtu.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimezaliwa Magu na nimesikia tangu utotoni kwamba katika kijiji cha Kageye kuna makaburi ya Wazungu wa zamani. Naomba kufahamu kwa nini wageni hao wote walikwenda kijiji kidogo namna ile, wakati Mwanza iko jirani. (Msomaji, Magu)

JIBU: Swali lako limekaa kinyume kidogo, kwa kuwa katika miaka ya 1870 Kageye ndiyo iliyokuwa mahali pa kuendea. Mwanza kama mji wa utawala ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1892. Kabla ya hapo, msafara uliotoka Tabora na kutaka kuvuka kwenda Ukerewe au Buganda ulihitaji pwani yenye mitumbwi, chakula cha kutosha, na mtawala aliyekubali wageni waache mizigo na wagonjwa wao. Kageye, iliyo kwenye ufuko wa Ghuba ya Speke ikitazamana na Ukerewe, ilikuwa na hayo yote. Mkuu wake wa wakati huo aliitwa Kaduma, na mfanyabiashara Songoro, ambaye alikuwa akijenga jahazi la kufanyia biashara ziwani, alikuwa na makazi katika pwani hiyo.

Msafiri na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika hapo tarehe 27 Februari 1875. Alikuwa ameondoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu zaidi ya mia tatu, na waliofika naye ziwani walikuwa kama nusu tu. Wengine walikufa kwa njaa, maradhi na mapigano, na wengine walitoroka. Mashua yake, Lady Alice, ilibebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani ya Bahari ya Hindi na kuunganishwa hapo Kageye. Tarehe 8 Machi alianza kulizunguka ziwa akiwa na mabaharia wachache na mwongozaji wa huko aliyeitwa Saramba. Alipita mlango wa Mto Simiyu, ambao aliudhania kuwa ndio mkono wa kusini kabisa wa Naili, akaendelea hadi Buganda, na akarudi Kageye tarehe 6 Mei. Safari hiyo ilithibitisha kwamba ziwa ni moja, wala si mkusanyiko wa maziwa madogo kama ilivyodaiwa na baadhi ya watu huko Ulaya, Burton akiwa mmoja wao. Aliporudi alikuta kijana wake Mwingereza, Frederick Barker, amefariki mwezi Aprili na kuzikwa hapo.

Baada ya Stanley walikuja wamisionari. Kundi la kwanza la Kianglikana lililokuwa likielekea Buganda lilifika Kageye mwanzoni mwa 1877, na daktari wao, John Smith, alifia hapo mwezi Mei mwaka huo. Mwezi Desemba wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe pamoja na Songoro, katika ugomvi uliomhusisha mtawala wa Ukerewe, Lukonge, na jahazi la Songoro. Alexander Mackay alifika mwaka uliofuata na kukaa Kageye akitengeneza mashua kabla ya kuvuka. Mwishoni mwa 1878 walifika Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, wakiongozwa na Padre Livinhac, na kutoka hapo, mwezi Januari 1879, Padre Lourdel na Bruda Amans waliondoka kwa mtumbwi kwenda Buganda, ambako walitua mwezi Februari. Ndiyo kusema kwamba madhehebu mawili makubwa ya Kikristo ya Uganda yalipitia ufuko huo mmoja wa Magu.

Umaarufu wa Kageye ulipungua upesi. Mwaka 1883 Mapadre Weupe walijenga misheni Bukumbi, kusini mwa Mwanza, na mwaka 1892 Wajerumani wakachagua Mwanza, yenye ghuba tulivu na vilima vya kulinda bandari. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928 mambo yakawa yamekwisha kuamuliwa.

Nataka kuongeza jambo moja ambalo hukuuliza. Makaburi yanayotajwa Kageye ni ya wageni wachache wenye majina, lakini wapagazi wa msafara wa Stanley nao walikufa, na wengine walibaki Kageye wakiwa wagonjwa. Mtu akinitaka nipendekeze maneno ya kibao cha Kageye, nitaanza na Kaduma aliyetoa ardhi na chakula, kisha wapagazi walioibeba mashua, kisha Saramba aliyeijua njia ya maji, na Stanley atakuja wa nne. Sioni kwamba heshima yake itapungua.

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima. Nikilima kwenye mteremko ulio chini ya mawe makubwa hukuta vigae vya vyungu na mabonge meusi mazito. Wazee wanasema ni mahame. Nitajuaje ni ya zamani kiasi gani, na je, ni kosa kuvichukua? (Msomaji, Misungwi)

JIBU: Wazee wako wana kila sababu ya kusema hivyo, na mahali ulipopataja ndipo hasa pa kutarajia mahame. Wasukuma huligawa eneo la kilima kwa udongo wake: juu, karibu na mawe, ni luseni, udongo wa mchanga unaolimika kwa jembe la mkono hata mvua ikiwa ndogo, katikati ni itogolo, chini kabisa ni mbuga, tope jeusi linalopasuka kiangazi na kunasa miguu masika. Nyumba zilijengwa juu, mtama na uwele vikalimwa karibu na nyumba, na mbuga ikaachiwa mifugo, na baadaye mpunga. Kwa hiyo anayetafuta makazi ya zamani katika bonde la Simiyu au la Magogo asianzie mtoni. Aanzie kwenye luseni, chini ya mawe, na aangalie kama kuna mistari ya minyaa iliyozidi urefu wa kawaida, kwa maana minyaa ilikuwa ua wa kaya na hubaki ikiota miaka mingi baada ya wenyewe kuhama. Atazame pia kama juu ya mawe bapa kuna vishimo laini vya kusagia nafaka.

Vigae vinaweza kueleza mengi zaidi, mradi usivioshe kwa nguvu. Vyungu vya karne hizi za karibuni, ambavyo ndivyo vingi, mara nyingi vina alama zilizotokana na kamba iliyosokotwa na kuviringishwa juu ya udongo mbichi. Mtindo huo umeenea katika nchi za maziwa makuu kwa miaka ipatayo elfu moja. Vyungu vya zamani zaidi, vinavyoitwa vya Urewe kwa jina la mahali palipo magharibi mwa Kenya, vina kingo zilizochorwa mistari sambamba kwa uangalifu mkubwa, na vingine vina kibonyeo kitakoni. Vilitengenezwa na wakulima wa kwanza waliojua kuyeyusha chuma kandokando ya ziwa hili, kuanzia takriban miaka 2,500 iliyopita. Kabla yao walikuwepo wavuvi na wawindaji waliofinyanga vyungu vya Kansyore, jina linalotokana na kisiwa kimoja katika Mto Kagera, na vigae vya aina hiyo vimechimbuliwa hata mkoani Mwanza, katika pango la mwamba la Nyang'oma. Basi hata kwa hesabu ndogo kabisa, watu waliokuwa wakipika samaki wa ziwa hili wamemtangulia Speke kwa maelfu ya miaka.

Mabonge meusi, kama ni mazito kuliko jiwe la ukubwa huo na yamejaa vitundu kama povu lililoganda, ni mavi ya chuma, yaani taka ya tanuri la kuyeyushia. Angalia kama karibu yake kuna vipande vya mirija ya udongo wa kuchoma, kwa kuwa mirija hiyo ndiyo iliyopitisha upepo wa mivukuto. Katika karne ya 19 mafundi waliojulikana zaidi upande huu walikuwa Warongo wa Uzinza, ambao majembe yao yaliuzwa hadi ndani ya Usukuma na yalikuwa sehemu ya mahari.

Kuhusu kosa: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu na majengo yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inakataza kuchimba bila kibali. Kulima shamba lako si kosa. Kufukua shimo ili kutafuta vigae ni kosa, na pia ni hasara, kwa sababu kigae kilichotolewa mahali pake hakisemi tena kilikuwa juu au chini ya kitu gani. Viache vilipo, piga picha, weka alama mahali, na umpelekee taarifa afisa utamaduni wa halmashauri, ambaye ataifikisha kwa wanaohusika na mambo ya kale.

SWALI: Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya lami, na hati zinaonyesha kilianzishwa 1974. Vijana wanataka kuandika mwaka huo kwenye kibao. Mimi nina umri wa miaka 78 na nilizaliwa humuhumu, ila si pale nyumba zilipo sasa. Unashauri nini? (Mzee, Kwimba)

JIBU: Shikamoo mzee. Naomba uwazuie vijana kwa upole. Mwaka 1974 ni mwaka wa operesheni. Serikali iliagiza mwishoni mwa 1973 kwamba hadi kufika mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji, na katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na minyaa yake, zilihamishwa na kupangwa kwa mistari, mara nyingi kando ya barabara. Vijiji vingi vya barabarani vina tarehe ya miaka hiyo, na wapita njia hudhani kwamba hapo awali palikuwa pori.

Kuna mahame ya aina nyingine pia. Wanaoishi ufukoni wanakumbuka kwamba mvua zilizoanza 1961 zililiinua ziwa kwa takriban mita mbili na nusu hadi 1964, na mialo, mashamba na makaburi ya kando ya maji yakazama. Na kabla ya hapo, mwanzoni mwa karne ya 20, malale yaliwaondoa watu katika sehemu mbalimbali za ufuko na visiwa.

Njia ya kupata mwaka wa kuaminika ni kuwauliza wazee wa koo zaidi ya moja, kila mmoja peke yake, na kuwauliza kwa matukio badala ya miaka. Je, babu zenu walikuwa wamekwisha kuhamia hapa vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofika Mwanza, yaani Julai 1916? Reli ilipofika 1928? Ntemi gani alikuwa akitawala? Orodha za watemi ni msaada mkubwa, na makumbusho ya Bujora pale Kisesa, yaliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada, yana ngoma na vifaa vya tawala nyingi za Usukuma. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, hivyo kuna wazee wanaoukumbuka vizuri. Wasikilizeni wakiwa bado wapo. Daftari za ubatizo za parokia za zamani pia hutaja mahali mtu alipotoka, na kumbukumbu za wilaya za wakati wa Waingereza zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Mkikubaliana, andikeni tarehe mbili: makazi ya awali kwa jina lake la zamani na wakati wake, kisha uhamisho wa 1974.

SWALI: Je, misheni ya Bukumbi ndiyo ya kwanza ya Kikatoliki katika Kanda ya Ziwa? (Msomaji, Sengerema)

JIBU: Kwa upande wa Tanzania, ndiyo misheni ya kudumu ya kwanza ya ukanda huu, tangu 1883. Kageye ilikuwa kituo cha kupita.

SWALI: Kamati yetu ya shule imechanga fedha za kusimamisha kibao cha historia ya kata kando ya barabara kuu ya Musoma. Tunaomba mwongozo wa mambo ya kuzingatia. (Mwalimu, Magu)

JIBU: Mwalimu, anzeni na ardhi kabla ya maneno. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na kitu chochote kitakachosimikwa ndani yake kinahitaji ruhusa ya TANROADS. Kwa barabara za wilaya wahusika ni TARURA. Nawashauri mkiweke nje ya hifadhi hiyo, penye uwazi wa kutosha kwa basi dogo au pikipiki kusimama bila kuziba njia. Kibao kisichoweza kusomwa bila kuhatarisha maisha ni afadhali kisiwepo.

Maneno yawe machache, yasizidi aya mbili fupi, na yawe kwa Kiswahili kwanza. Kisukuma kinaweza kufuata, na lugha ya wageni iwe ya mwisho kama nafasi ipo. Msitumie maneno kama "inasadikika" kila mstari. Jambo lisilo na uhakika liacheni, nanyi mtaona kwamba yanayobaki yanatosha. Majina ya mito, vilima na koo yaandikwe kama wenyeji wanavyoyatamka. Chini kabisa wekeni mwaka wa kusimamisha kibao na jina la waliokisimamisha, kwa kuwa msomaji wa miaka hamsini ijayo atataka kujua ni nani aliyekuwa akisema.

Mahali penye kaburi, mzimu au ikulu ya zamani ya ntemi msionyeshe kwa mshale kabla ya kupata ridhaa ya ukoo unaohusika. Wengine watakubali kwa sharti kwamba kibao kitaje mahali bila kuelekeza, na sharti hilo ni la haki. Rasimu isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mabishano yaandikwe katika muhtasari, na muhtasari huo uambatishwe kwenye maombi mtakayopeleka halmashauri, ili mkurugenzi asiwe na sababu ya kuwarudisha mkaanze upya.